Vioo Kwenye Nyufa

Barua ya Mamlaka ya Bandari ilibandikwa kwenye ukuta wa zahanati Jumatatu, na kufikia saa nne asubuhi mtaa mzima ulikuwa umeshaisoma au kusomewa. Bi Mwiko aliisoma mwenyewe, karai likiwa begani na saruji imemkaukia vidoleni. Ilisema kwamba nyufa zilizotokea kwenye nyumba za wakazi hazikuletwa na ujenzi wa gati jipya. Nyumba zilikuwa kuukuu, ilisema barua, na tena zimepigwa lipu duni.

Maneno hayo mawili ya mwisho yalimchoma. Kati ya nyumba thelathini na nne za mtaa ule uliopakana na uzio wa bandari, ishirini na sita alizipiga lipu yeye. Hata jina lake lilitokana na kazi hiyo. Alipokuwa msichana akimbebea baba yake vifaa, mafundi walimtania wakimwuliza kama mwiko aliobeba ni wa kupakulia chakula au wa kupigia lipu. Baba alifariki, mafundi wale wakazeeka, jina likabaki, na ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwulize tena swali lile.

Mtambo wa kugongea nguzo ulikuwa upande wa pili wa uzio. Kila siku, tangu saa mbili asubuhi, ulishindilia nguzo za chuma ardhini, dum, dum, dum, mpaka vikombe vikawa vinatembea vyenyewe kabatini. Mwezi wa kwanza ulipita hivyo. Mwezi wa pili nyufa zikaanza, nyembamba kama uzi juu ya milango, kisha zikashuka mpaka sakafuni.

Jioni ile fundi cherehani, jirani yake wa mlango wa tatu, alimwita alipokuwa anapita.

"Jirani, barua umeiona?"

"Nimeiona."

"Mimi sina neno. Ila chumba changu cha mbele ulikipiga lipu mwaka juzi tu, na sasa inabanduka kama ganda la kitunguu. Watu wanauliza."

"Watu gani?"

"Watu," alisema fundi cherehani, akarudisha macho kwenye cherehani yake.

Wiki hiyo wateja wawili waliokuwa wamemwahidi kazi walimpiga chenga. Mmoja alisema ameahirisha ujenzi. Siku mbili baadaye Bi Mwiko akaona fundi mwingine amepanda ngazi kwenye ukuta wa mteja huyo.

Lililomfunga mikono zaidi lilikuwa la nyumbani. Mtambo ule uliendeshwa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa, mama yao alipoaga dunia. Bado waliishi pamoja.

"Dada, usinitie kwenye mambo hayo," alisema wakiwa wanakula. "Ukienda kule kupiga kelele, unga wangu utamwagika."

"Sijasema nitapiga kelele. Nakuuliza tu. Ukigonga nguzo, unahisi nini miguuni?"

"Kama nimesimama juu ya ngoma."

"Basi nyumba nazo zinahisi hivyo hivyo."

"Kuhisi si ushahidi."

"Najua," alisema Bi Mwiko. "Ndiyo maana nataka vioo."

Ilikuwa mbinu ya baba yake. Kipande chembamba cha kioo kinabandikwa kwa saruji kukatisha ufa, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kioo hakivutiki. Ukuta ukicheza hata unene wa unywele, kinakatika. Alikwenda kwa fundi wa fremu za picha akaomba mabaki, akapewa ndoo nzima. Kwa siku nne akapita nyumba kwa nyumba, zile alizopiga lipu yeye na zile ambazo hakuzigusa kamwe, akibandika kioo na kuandika tarehe kwa msumari kwenye saruji kabla haijakauka. Kila kioo alikiandika pia kwenye daftari.

Watoto walimfuata wakicheka. Watu wazima nao hawakukosa la kusema.

"Bi Mwiko anabandikia kuta plasta za vidonda."

"Na wewe nitakubandika moja mdomoni," aliwajibu, akaendelea na kazi.

Kioo cha kwanza kilikatika siku ya tatu. Wiki mbili zilipotimia, ishirini na saba vilikuwa vimekatika, na wale waliocheka walianza kumwita wenyewe aje wamwonyeshe. Kisha mtambo ukaharibika. Kwa siku tisa mtaa ulikaa kimya, hata watu wakawa wanasikia saa za ukutani. Malori ya mizigo yaliendelea kupita kama kawaida. Bi Mwiko alizunguka kila asubuhi na daftari lake, na kwa siku zote tisa hakikuvunjika hata kioo kimoja. Siku ya kumi mtambo ukaanza tena, na kabla ya adhuhuri vinne vilikuwa vimekatika.

Nyumba moja tu ilimsumbua. Kwa fundi cherehani kioo kilikuwa kizima, lakini lipu iliendelea kuanguka. Aligonga ukuta kwa kidole, akabandua kipande, akakiweka kwenye ulimi. Chumvi. Hapo akakumbuka. Mwaka ule maji yalikuwa ya shida, na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kwenye kazi nyingine, akachota mchanga wa pwani na kuutumia bila kuuosha. Alisimama mle chumbani muda mrefu, kipande kile mkononi, huku cherehani ikilia chumba cha pili. Halafu akaandika kwenye daftari kama alivyoandika nyumba nyingine.

Sasa ilibaki kuonana na wenyewe. Ofisi ya uhusiano ya bandari alikwenda mara nne. Mara ya kwanza afisa alikuwa kikaoni, mara ya pili safarini, mara ya tatu na ya nne aliambiwa aje Alhamisi. Mara ya tano alikwenda na nguo zake za kazi, akaketi mapokezi, vumbi la saruji likidondoka kwenye vigae vinavyong'aa.

"Mama, afisa hayupo," alisema binti wa mapokezi.

"Nitamsubiri, mwanangu."

"Anaweza asirudi leo."

"Basi kesho nitakuja mapema zaidi. Lipu imenizoesha kungoja."

Alikaa siku mbili na nusu. Ya tatu, mchana, afisa uhusiano alitoka ofisini mwake, ambamo kumbe alikuwemo, akapanga mkutano Jumamosi kwenye ukumbi wa bandari.

Mtaa ulijaa ukumbini. Mdogo wake alikuja pia, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Afisa uhusiano aliongea vizuri, sauti laini kama anabembeleza mtoto alale. Alisema malori ndiyo yanayotikisa nyumba, na barabara ni ya halmashauri, si ya bandari. Akarudia suala la lipu. Pembeni yake alikaa mhandisi, mwanamke kijana mwenye viatu vya kazi.

Bi Mwiko alisimama na daftari lake. Hakumung'unya maneno. Alitaja nyumba moja baada ya nyingine, tarehe kioo kilipobandikwa na tarehe kilipokatika, kisha akaeleza zile siku tisa.

Mhandisi aliomba daftari. Alilipitia taratibu, karatasi kwa karatasi.

"Shikamoo mama, samahani sikukuamkia," alisema. "Nyumba namba kumi na tisa umeandika kioo kizima. Na hapa pembeni umeandika 'mchanga'. Maana yake nini?"

Ukumbi ulimtazama.

"Marahaba. Hilo ni kosa langu. Nilitumia mchanga wa pwani bila kuuosha. Bandari haihusiki na nyumba hiyo. Nitaibandua yote niipige upya."

Fundi cherehani, mwenye nyumba hiyo, aliyekuwa safu ya pili, aliinamisha kichwa. Afisa uhusiano alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mmesikia wenyewe. Amekiri. Na hizo siku tisa mimi sizifahamu. Taarifa niliyonayo ni kwamba mtambo haujasimama hata siku moja."

Watu walianza kunung'unika. Bi Mwiko hakugeuka nyuma. Alijua aliyekaa kule, na alikuwa amejiapiza kutomtazama, asije akadhani anaombwa. Alisikia kiti kikisogea.

"Mimi ndiye ninayeuendesha," alisema mdogo wake. "Ulisimama siku tisa. Bomba la mafuta lilipasuka. Nilikuwepo, na taarifa ya hitilafu niliitia saini mwenyewe."

Afisa alimkodolea macho. Mhandisi aliandika kitu, akafunga daftari, akamrudishia Bi Mwiko kwa mikono miwili.

"Jumatatu nitakuja kuziona," alisema.

Alikuja kweli, na kifaa cha kupimia mtikisiko, kisanduku kidogo alichokiweka sakafuni kwenye nyumba nne. Alikaa siku mbili, akiandika na kunywa maji aliyopewa, akihama chumba hadi chumba. Baada ya wiki tatu barua mpya ikabandikwa pale pale kwenye zahanati. Nguzo zilizobaki upande wa mtaa hazitagongwa tena, zitachimbiwa mashimo. Nyufa zitazibwa na bandari, kwa mafundi watakaochaguliwa na wakazi. Haikuomba radhi, na lile neno lipu halikuonekana popote.

Bi Mwiko alianza na namba kumi na tisa, kwa saruji yake mwenyewe. Fundi cherehani alimshikia ngazi siku nzima.

"Ungeweza kunyamaza," alimwambia. "Hakuna ambaye angejua."

"Mimi ningejua. Nipe hilo karai."

Mdogo wake hakufukuzwa. Alipewa barua ya uhamisho kwenda ghalani, kupanga magunia, kwenye kazi ambayo hakuisomea. Sababu haikuandikwa. Aliiweka chini ya godoro na kumwomba dada yake aachane nayo.

"Nyumba zimepona, dada. Inatosha."

"Nyumba zimepona," alisema Bi Mwiko. "Wewe bado. Kaoge, uvae shati safi."

"Tunakwenda wapi?"

"Bandarini. Pale mapokezi wameshanizoea."

Alhamisi asubuhi walishika njia ya kuelekea bandarini, yeye na mdogo wake, barua ya uhamisho ikiwa mfukoni. Kwenye kona ya zahanati walikuta watu kumi na moja wa mtaa wanawasubiri wafuatane nao. Fundi cherehani alikuwa mmoja wao, na duka lake alikuwa amelifunga.