Tundu la Kuchungulia

"Huu ni uji," mama yake alisema, akaisukuma simu. "Nimekutuma uniletee sura ya dada yangu, wewe umeniletea uji."

Sindano akaichukua na kutazama mwenyewe. Kweli, uji mtupu. Kila picha aliyompiga Mamkubwa ilikuwa imeyeyuka, macho yameingia mdomoni, kilemba kimekimbilia ukutani. Akampiga picha paka aliyelala mlangoni. Uji. Akaipiga ndoo ya maji, ambayo haina hata uwezo wa kutikisika. Uji vilevile. Dereva mwenzake alipoiona akacheka hadi akashika mbavu. Simu ukiifunga kwenye usukani wa pikipiki kutwa kucha ili ikuonyeshe njia, mtetemo unaikoroga, kile kijicho chake cha ndani kinalegea.

"Hiyo itapiga soga na itapiga kelele," dereva yule alisema, "ila picha ndiyo basi tena."

Yeye Sindano aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi. Alikuwa akizunguka kwenye zahanati ndogondogo na kukusanya vichupa vya damu, anavitia kwenye kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki na kuvikimbiza maabara ya hospitali kuu. Jina lake halisi alibaki kulitumia mama peke yake, tena akiwa amekasirika, na siku hizi hata nguvu za kukasirika mama hakuwa nazo.

Mama alikuwa fundi cherehani. Nusu ya mabibi harusi wa mtaa ule waliolewa ndani ya magauni ya mikono yake. Kisha presha ya macho ikaingia kimyakimya kama mwizi wa kuku, na alipofika kwa daktari akaambiwa kilichokwenda kimekwenda, hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa tundu, kama la ufunguo, tena halikukaa katikati. Akitaka kukuona, alikupa shavu, akainua kidevu, akakutafuta kando kama kuku anayeikagua punje. Mwanga mkali ukimpiga, hata lile tundu linajaa maziwa.

Nyumba haikuacha kujaa watu kwa hilo. Cherehani lilifunikwa shuka, lakini wanawake walikuja vilevile, wakakaa, wakanywa chai, wakamaliza umbea wa mtaa mzima bila kupimwa nguo. Na ni mbele yao mama alitoa haja yake.

"Nataka sura ya pacha wangu. Siku hili tundu likijifunga, nataka atakayekuwa amebaki humu ndani awe yeye. Na mimi nijue nimezeekaje, maana kwenye kioo najiona pua tu."

Pacha wake ndiye huyo Mamkubwa. Alimtangulia mama kutoka tumboni kwa pumzi chache, na pumzi hizo alizitumia kumwamrisha maisha yote. Aliishi ng'ambo ya mlima. Daraja lilichukuliwa na mafuriko, ikabaki njia ya mbao zilizofungwa kwa waya, wanapita wenye pikipiki na wenye roho ngumu. Mamkubwa alikuwa na nyonga mbovu. Kumpandisha pikipiki ilikuwa kama kupandisha kabati. Simu yake ya vitufe ilijua kuongea na kumulika, basi. Kila asubuhi walipigiana, wakabishana, wakacheka. Lakini sauti haina sura.

"Mnunulie kamera," alisema jirani waliyemwita Redio, ambaye hakuhitaji betri. "Ile ya kwenye harusi, yenye mdomo kama mtungi."

"Ataivaa wapi?" mjomba wa Sindano akadakia. "Shingoni? Siku akipiga breki ya ghafla, ile kamera inatokea mgongoni."

"Basi aibebe kwenye boksi la damu."

"Halafu mgonjwa apelekewe majibu kwamba ana picha!"

Walicheka wote. Mama naye alicheka huku mkono wake ukitambaa mezani kutafuta kikombe, na Sindano akakitelezesha taratibu hadi vidoleni kwake, watu wasione.

Kesho yake Sindano aliingia dukani kwa fundi kamera, kichumba chenye kaunta ya kioo na harufu ya spiriti. Akaeleza: iwe ndogo, iingie mfuko wa koti, ivumilie vumbi na mtetemo, aweze kuiwasha akiwa na glavu. Fundi akapanga tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya fedha, nzuri kama kipodozi. Ukiiwasha, lenzi inachomoza. "Hii ikipata vumbi kidogo shingoni, haitoki hairudi," fundi alionya. "Inabaki imekutolea ulimi." Ya pili ya rangi ya machungwa, nene, lenzi yake imejificha ndani ya kioo kigumu, haitoki ng'o, na mgongo wake mzima ni skrini. Ya tatu nyeusi, kuukuu, skrini yake imekufa. Kilichofanya kazi ni kitundu cha kuchungulia tu, ambacho ndani yake picha, hata zilizokwisha kupigwa, huonekana kadiri ya ukucha.

"Hiyo niliichukua kumsaidia mzee mmoja," fundi alisema. "Lenzi inatoka, skrini hamna. Wewe wa pikipiki achana nayo."

Sindano akavaa glavu, akaiwasha ile ya machungwa kwa mkono mmoja, akaitia mfukoni, akavuta zipu, akaanza kurukaruka pale dukani kama anayepanda matuta. Watu wakasimama mlangoni. Akaitoa, akampiga fundi picha. Safi, kila unywele wa masharubu mahali pake.

"Hii hii," akasema. Angekuwa na akili ya kumleta mama siku hiyo, yote yaliyofuata yangekuwa mengine. Lakini nani anampeleka asiyeona kuchagua kamera?

Alipanda mlima siku yake ya mapumziko. Mbao za darajani zilicheza chini ya magurudumu, maji yakinguruma kama yanamwita kwa jina. Mamkubwa alimpokea kwa kelele zake, akammiminia chai, nusu kikombeni na nusu mkononi.

"Jamani Mamkubwa, umeniunguza!"

"Na wewe mkono unafanya nini kwenye njia ya chai?"

Sindano akamweka kwenye kigoda nje ya mlango. "Tazama hapa, Mamkubwa."

"Hapa wapi? Iko wapi hiyo kamera?"

"Mbele yako."

Mamkubwa akageuza uso pembeni, akainua kidevu. Sindano akacheka kwa mapenzi. Yaani hata pozi lao moja! Tangu utoto wake alikuwa akiwaona hawa wawili wakipiga chafya pamoja, wakikuna sikio moja, wakimaliza sentensi moja kwa midomo miwili. Akabonyeza, tena na tena. "Unapozi, Mamkubwa!"

"Nilikuwa mrembo kabla wewe hujawa hata wazo."

Picha zilitoka vizuri mno. Redio alizitazama akapiga vigelegele. Mama akapewa kamera, akainua kidevu, akaisogeza kushoto, kulia, juu.

"Naona herini," akasema. Wote wakangoja. "Sasa naona... ukuta? Hapana. Ni kilemba. Haya, hii ni nini, jicho?" Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu ya skrini. "Limepotea tena."

"Ni ndogo hiyo!" Redio akaruka. "Ikachapishwe kubwa!"

Ikachapishwa kubwa kama mlango wa kabati, ikatandazwa juu ya cherehani. Ikawa balaa. Mama aliinamia ile karatasi, uso wake ukatembea juu yake taratibu kama pasi juu ya nguo. Shavu. Akarudi. Mkunjo wa shingo. Akarudi tena. Kadiri picha ilivyokuwa kubwa, ndivyo tundu lake lilivyookota kidogo. Mwisho akanyooka.

"Vipande," akasema. "Mmenikatia dada yangu vipande."

Redio akaanza kuikunja ile karatasi. Mama akaomba matone yake, akalala, akageukia ukuta. Kulipokucha alijigonga kwenye mwimo wa mlango aliokuwa akiupita tangu siku ya ndoa yake. Tundu lilikuwa linafunga. Sindano alivaa helmeti, akatoka, akalia humo ndani barabara nzima. Ndiyo faida ya helmeti, hakuna wa kukuuliza una nini.

Siku ya kliniki Sindano alipitia dukani kwa fundi na mama nyuma yake kwenye pikipiki, kwenda kugombana tu. Kosa la fundi hakulijua, lakini mtu mwingine wa kugombana naye hakuwa naye.

"Picha haionekani!" akaitupa kamera juu ya kaunta.

"Haionekani vipi? Hii hapa naiona."

"Wewe unaiona! Nilikuja kukununulia wewe?"

Wakapandishiana sauti. Mama alikalishwa kwenye kigoda, na mikono yake ya mshonaji, isiyojua kutulia, ikaanza kupapasa kaunta. Ikagusa ile nyeusi. Ikaigeuza. Kidole kikaona kishimo.

"Hii ina kitundu," akasema peke yake. Akakisogeza jichoni, akainua kidevu, kama alivyokuwa akiinua sindano kwenye mwanga atunge uzi. Kidole chake kikabonyeza pa kuwashia, lenzi ikatoka ikilia.

"Mama, weka chini, utaivunja."

Mama hakuweka chini. "Fundi," akasema polepole. "Kumbe una masharubu."

Wote wawili wakamgeukia.

"Na kifungo chako cha pili kimekatika. Uzi uliotumika si wa rangi ya shati, nani alikushonea ovyo hivyo?" Akageuka, kamera imeganda usoni. Akamfikia Sindano. "Mwanangu. Mbona umekonda hivi?"

Sindano alishika kaunta. Tangu lini mama hajamwona mzima, kichwa na miguu mara moja? Dunia yote ilikuwa imefinywa ikawa kadiri ya ukucha, ikapenya tunduni. Na pembeni giza, hakuna mwanga wa kumwaga maziwa.

Fundi akaipokea ile nyeusi kutoka kwa mama. Akachomoa kadi ya picha kwenye kamera ya machungwa, akaitia kwenye nyeusi, akabonyeza, akamrudishia mama mkononi.

Mama alitazama. Akatazama sana. Sindano alingoja kicheko, au machozi. Hakikuja chochote.

"Kwa nini hanitazami?"

"Alikuwa anapozi, mama. Si mnajijua nyie?"

"Huyu hapozi." Mama alishusha kamera, na sasa akamgeuzia Sindano shavu, kidevu juu, akimtafuta. "Mimi hivi napozi?"

Sindano alihisi ile chai ya moto juu ya mkono wake, upya kabisa. "Iko wapi hiyo kamera?" Mamkubwa aliuliza. Alikuwa ameuona ugonjwa kwa macho yake mawili mazima, akauita ufanano.

"Nipigie dada simu," mama akasema.

Simu ikaita, ikawekwa sauti ya nje juu ya kaunta. Sauti ya Mamkubwa ikajaa duka. "Leo umechelewa kunisumbua, mdogo wangu!"

"Dada, mwanangu alipokuja kwako alivaa koti la rangi gani?"

"Koti la nini? La pikipiki."

"Rangi, dada."

Kule ng'ambo kuku alilia, akanyamaza.

"Jeusi," Mamkubwa akasema.

Koti lilikuwa la manjano, ile ya kung'aa, ya kuumiza macho. Sindano alikuwa amelivaa hata sasa.

"Tangu lini?" mama akauliza.

Kisha Mamkubwa akaongea, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake haikuamrisha mtu. "Nilianza kujikwaa wakati wewe unaanza hayo matone yako. Ulikuwa unalia kila siku. Nikasema, mmoja anatosha."

"Mmoja anatosha!" Mama alipiga kaunta kwa kiganja, kioo kikalia. "Umekaa huko unazimika, na matone yapo hapa! Yangekulindia! Mpumbavu wewe, mpumbavu mkubwa, ulitoka mapema kukimbilia nini?" Akaishiwa pumzi. Mamkubwa naye alikuwa analia. Walilia kwa mpigo mmoja, kama walivyofanya kila kitu.

Simu ilipokatwa, mama alisema, "Kamlete."

"Nyonga yake, mama. Na mawingu yale mlimani, mbao zikichukuliwa na maji..."

"Mfunge mgongoni kwa shuka kama mtoto. Apige yowe njia nzima. Nyonga ikiuma anaweza kukaa chini. Macho yakienda atakaa wapi?"

Daktari alikuwa zamu hadi jioni, na mlimani kulikuwa tayari kumeanza kuwa kijivu. Sindano alivuta zipu ya koti hadi shingoni. Fundi, bila kuulizwa, akamsogezea ile kamera nyeusi aende nayo, akaivua soksi yake moja, akaikung'uta na kuiweka kaunta. "Vumbi," akasema. "Itie humo lenzi isitoe ulimi."

"Ngoja," mama akasema. Alikaa sawa kwenye kigoda, akafunga kilemba upya. "Atakataa kuja, namjua. Nipige picha kwanza. Umwonyeshe humo tunduni anaitwa na nani."

Sindano akainua ile kamera kuukuu. Akabana viwiko mbavuni.

"Nitazame wapi?" mama akauliza.

"Hapa, mama. Mbele yako."

Mama akageuza uso pembeni, akainua kidevu.