Pampu Waliyoikataa Wakulima

Nje ya chumba cha usaili walikaa vijana saba na tai zao. Wote mainjinia. Wote wananong'ona maneno yaleyale kama sala: "Nataka kuunganisha ujuzi wangu wa ufundi na elimu ya uongozi." Shripad Ghorpade akasikiliza mpaka akachoka. Na yeye alikariri hayohayo kwa mwalimu wa tuisheni huko Pune.

Alikuwa injinia wa mashine, miaka minne katika kiwanda cha kuyeyusha na kusubu chuma Kolhapur, wanatengeneza pampu za kumwagilia miwa. Sasa alitaka chuo cha biashara. Hii ilikuwa mara ya tatu kujaribu, na mama yake alishamwambia waziwazi: "Ukikosa safari hii unarudi kiwandani, unaoa, na sitaki kusikia tena habari ya mitihani."

Akaitwa. Ndani wamekaa wawili: Profesa Sohoni, mama wa miwani na sari ya kijivu, na mzee mmoja, Profesa Barve, anafyonza chai kwenye kisosi.

"Haya baba, uhandisi umesoma," mama akaanza. "Huku kwenye biashara unafuata nini?"

"Nataka kuunganisha ujuzi wangu wa..."

"...wa ufundi na elimu ya uongozi," mama akamalizia bila kuinua macho. "Wewe ni wa kumi na moja leo. Hilo jibu mnagawiwa pamoja na tai?"

Barve akacheka mpaka chai ikamwagika.

Masikio yakamwaka moto Shripad. Akaona potelea mbali.

"Madam, kuna pampu inaninyima raha."

"Enhe?"

"Niliitengeneza mimi. Inavuta maji kuliko ya zamani, umeme inakula kidogo, na nimeipunguza kilo nne. Bei ileile. Wakulima wakaikataa. Wote! Nikasema hawa watu wajinga. Fundi wetu wa kalibu za kumiminia chuma, Balu, akanicheka. 'Injinia, achana na makaratasi, kakae dukani.' Nikakaa siku mbili. Mkulima anaingia, hasomi kitu. Anaishika pampu, anainyanyua hivi," akanyanyua begi lake, "kama anapima mbuzi. Ikifika yangu, anairudisha chini. Anasema, 'Hii wameiba chuma.'"

"Si umeshapata jibu?" Sohoni akauliza. "Sisi unatutakia nini?"

"Sijalipata. Mkulima huyohuyo ana simu mfukoni, na aliichagua kwa sababu ni nyepesi. Nikamuuliza kwa nini, akanitazama kama mwehu. Chuoni nilifundishwa chuma kinavunjikaje. Mtu anakiaminije kitu, hilo hakuna aliyenifundisha."

Barve akaweka kisosi mezani.

"Simu haikai kisimani," Barve akasema.

"Siyo hiyo, bwana," Sohoni akamkatiza. "Pampu anamwachia mwanawe."

"Anamwachia wapi! Baba yangu alikuwa mkulima. Pampu ilikuwa inaungua kila kiangazi."

"Na bado alikuwa ananunua nzito?" Sohoni akauliza.

"Bado alikuwa ananunua nzito," Barve akasema polepole.

Basi wakaanza kubishana, na Shripad naye akajikuta kasogeza kiti, anabisha nao, tai imekaa begani. Karani aligonga mlango mara mbili kuwakumbusha kwamba wengine wanasubiri.

Nje akampigia Balu simu.

"Wamekuchukua?"

"Sijui. Nimewaacha wanagombana."

"Umegombanisha maprofesa? Basi umekwisha, Injinia. Rudi tusubu chuma."

Wiki sita baadaye bahasha ya chuo ikaletwa kiwandani. Shripad akaisoma barua amesimama, akairudia tena.

"Kaka Balu! Nimepata!"

Balu akaja na mikono yake myeusi kwa mchanga wa kalibu, akaipokea. Hakuisoma. Akaiweka kiganjani, akaipandisha, akaishusha.

"Mbona nyepesi hivi?" akasema. "Hebu rudi uwaulize vizuri."