Miguu Haifiki Chini

Katika mbio zake za kwanza, kwa pikipiki ya kuazima, Iteka aliwaangusha watoto wawili. Wa kwanza, Iteka alimpiga kwa bega kwenye kona. Wa pili alianguka mwenyewe akijaribu kumkwepa, na gurudumu la Iteka likapita mahali vidole vya mtoto huyo vilipokuwa nukta moja kabla. Akamaliza nafasi ya pili. Alikuwa na miaka saba, tope mdomoni, fizi zikitoka damu, na aliposhuka alikuwa akicheka.

Baba yake, Eustache, aliyaona yote akiwa ameshika kamba ya uwanja, na moyo ukamjaa. Alikuwa Mrundi wa mtaa wa Buyenzi, na kabla ya kuja Toronto alibeba abiria kwa pikipiki miaka sita Bujumbura. Sasa alikuwa mkataji katika kiwanda cha nyama, kisu mkononi kutwa, mapaja ya ng'ombe yakipita mbele yake kwenye kulabu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumapili ile alimbeba binti yake begani mpaka kwenye gari, na tope likamchirizika shingoni asilifute.

Pikipiki ilikuwa imeazimwa na Félicien, kaka wa mkewe, aliyekuwa fundi wa pikipiki, na mwenye nayo alikwisha kuidai. Ikabidi Iteka anunuliwe yake. Félicien alieleza taratibu, na akarudia, maana alimjua shemeji yake: injini ya CC hamsini, isiyo na gia, ndogo kabisa, ambayo mtoto akiikalia nyayo zote mbili zinalala chini.

Lakini nyumbani kwa Eustache, kwenye ghorofa ya kumi na moja Dixon Road, hakikununuliwa kitu cha kumkaa mtoto sawasawa. Koti la baridi la Iteka lilimfika magotini, mikono imekunjwa mara mbili. Viatu vyake vilijazwa soksi mbeleni. Ndivyo Eustache alivyolelewa yeye na ndugu zake wanane. Kwao, mzazi aliyenunua nguo ya kumtosha mtoto leo alionekana hana akili, kwa sababu mwaka haujaisha nguo hiyo ingekuwa tambara la kufutia meza.

Mwuzaji alikuwa mzungu mzee mwenye banda shambani, saa moja na nusu kaskazini mwa jiji. Alimpandisha Iteka kwenye hamsini, nyayo zikalala kwenye saruji. Eustache akaitazama kama anayetazama kiatu kinachobana. Akasema mwakani magoti ya mtoto yatagonga usukani. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile iliyofuata, sitini na tano, yenye gia na klachi.

Iteka alinyanyuliwa akawekwa juu yake. Miguu ikabaki inaning'inia, shibiri nzima kutoka chini. Mzee hakubishana. Aliishika pikipiki kwa mkono mmoja, akailaza kidogo upande, na mtoto akaanza kwenda nayo kama gunia. Aliidaka karibu na sakafu, mishipa ya shingo imemtoka, akamwambia Félicien atafsiri kwamba aliwahi kumwona mtoto wa umri huu ameacha meno manne kwenye usukani wa pikipiki kama hii, na kwamba asingependa kuiuza leo.

Hapo ndipo Eustache alipokosea. Kwa soko alilolijua yeye, mwuzaji akikukataza kitu, ndicho anachotaka ukigombanie. Alitabasamu, akatoa fedha mfukoni.

"Atakua nayo," alisema.

"Kwanza awe mzima, shemeji, ndipo akue," Félicien akajibu.

Pikipiki ikapakiwa garini, wakarudi mjini.

Siku mbili kabla ya mbio zilizofuata, Eustache aliishughulikia pikipiki kwenye maegesho ya chini ya jengo lao. Alifungua siti, akaichana sponji kwa kisu cha kazini mpaka ikabaki plastiki tupu, akarudisha ngozi. Akapima. Miguu bado haikufika. Akatafuta tairi kuukuu, akakata vipande kwa umbo la soli, akavibandika tabaka tatu chini ya buti za Iteka na kuvikaza kwa skrubu. Alikuwa na mkono mzuri. Viraka vilikaa barabara. Akampandisha, na sasa buti zikagusa chini. Aliridhika kama aliyemaliza kazi ngumu.

Félicien alifika, akaona. Alichukua spana, akainama, akaichomoa plagi kwenye injini isiweze kuwaka, akaitia mfukoni na kugeuka aondoke.

Ngumi ya Eustache ilimpata nyuma ya sikio. Félicien alijigonga kwenye kioo cha gari la jirani, kioo kikang'oka, na aliporudi alirudi na spana mkononi. Alimpiga nayo mbavuni, mara moja, na Eustache akatoa sauti kama mtu anayekohoa. Kisha wakashikana. Walikuwa watu wazima, wenye matumbo kidogo, na walipigana vibaya, bila mpango, wakisukumana kwenye nguzo, wakiumana vidole. Félicien alipasuka juu ya jicho. Eustache alimshika nywele akakigongesha kichwa chake kwenye saruji, na angekigongesha tena.

Iteka alikuwa bado juu ya pikipiki, hawezi kushuka mwenyewe. Hakulia. Aliwatazama kama alivyowatazama wale watoto wawili kwenye tope.

Lifti ikafunguka, akatoka Godelive, mke wa mmoja na dada wa mwingine, akielekea garini kuchukua mchele. Alisimama akawaangalia.

"Mkimaliza kuuana," alisema, "atakayebaki anibebee gunia."

Waliachana. Godelive hakucheka. Alimshusha mtoto, akazikagua buti, akapitisha kidole kwenye skrubu moja baada ya nyingine. Akamwambia mumewe, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi, kwamba yeye pikipiki hazijui na hawezi kuamua nani mkweli. Lakini mtoto alikuwa na miguu miwili, na angeihesabu tena Jumapili jioni. Kisha akamtaka kaka yake airudishe plagi, maana mtoto wake si wa kupiganiwa na walevi wasiokunywa. Félicien aliirudisha. Damu ilikuwa imeingia kwenye nyuzi zake za kukazia, na Eustache alilazimika kuifuta kwanza.

Jumapili Félicien alikuja uwanjani pamoja na bandeji yake. Hakuulizwa kwa nini.

Chuma cha kuanzia, kile kinachozuia magurudumu, kilipolala, Iteka aliwaacha wote. Ile sitini na tano ilikuwa na nguvu ambayo hakuwahi kuipata. Ilimpeleka mbele kwa ghadhabu, mikono imenyooka, makalio yakirukaruka juu ya plastiki. Mzunguko wa kwanza alikuwa mbele. Eustache aligeuka amtafute shemeji yake kwa macho, apate kuonekana yuko sahihi. Félicien alikuwa anatazama miguu ya mtoto tu.

Mzunguko wa pili, kwenye kona ya kushoto, mvulana mmoja alimkuta ubavuni na kumgonga. Si kosa lake; ndivyo kona zilivyo. Mtoto yeyote hapo hutoa mguu, hugusa chini kidogo, husimama tena. Iteka aliutoa mguu. Soli ya tairi iliuma tope na haikuachia. Pikipiki ikaendelea, mguu ukabaki. Eustache alisikia, kutoka mita thelathini, juu ya kelele za injini zote zile, mlio alioujua. Aliusikia kila siku kazini.

Kisha pikipiki ikamlalia. Aliyekuwa nyuma hakuwahi kusimama. Gurudumu la mbele lilipanda juu ya injini, likatua kwenye kofia ya Iteka na kumzamisha uso topeni. Wa tatu aliwagonga wote wawili. Injini ya Iteka bado ilikuwa ikiunguruma, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, na chini yake mtoto alikuwa akiisukuma kwa mikono yake miwili, akiisukuma kweli, bila kuisogeza hata kidole kimoja.

Eustache aliruka kamba. Mtu wa bendera alimzuia kifuani; Eustache akamsukuma chini bila kumtazama. Aliishika pikipiki mahali pa kwanza alipopaona, na mahali hapo palikuwa ekzosi, bomba la moshi. Nyama ya kiganja ikachomeka, akasikia harufu yake, hakuachia mpaka alipoitupa pembeni. Suruali ya Iteka ilikuwa imeyeyukia ngozini ndani ya paja. Chini ya goti, mguu ulielekea upande ambao miguu haielekei.

Akaikamata buti ili aivue. Hakufikiri, alichotaka ni kuiondoa ile kazi ya mikono yake kwenye mguu wa mwanawe. Iteka akapiga ukelele ambao baba yake hajaacha kuusikia. Hapo Félicien akafika, akampiga teke la bega, akamwangusha chali, akamkalia na goti kifuani.

"Usiiguse," alisema. "Ukiivuta unaumalizia."

Eustache alilala pale chini ya goti la shemeji yake, kwenye tope, akitazama mbingu, mpaka wahudumu walipoikata buti kwa mkasi. Soli ilibaki imesimama peke yake kwenye udongo.

Hospitali waliuliza, kama wanavyouliza siku zote mtoto akiumia, nani alikuwa naye na nani aliweka kile kipande cha mpira. Félicien alikuwa anatafsiri. Alilisikia swali, akamwachia Eustache.

"Ni mimi," Eustache akasema. Alikuwa na Kiingereza cha kutosha kwa hilo.

Godelive alihesabu miguu, kama alivyosema. Kisha akamzaba mumewe kofi moja, mbele ya nesi, akakaa kitandani kwa mtoto. Kwa miezi miwili hakumsemesha ila kuhusu dawa, bafu na saa za zamu. Iteka alikuwa na chuma mguuni na kovu la paja lililong'aa kama plastiki. Mama yake alipomwuliza kwa Kiswahili kama pikipiki zimekwisha sasa, alijibu kwa Kiingereza kwamba hazikuisha, na kwamba hakushindwa na yule mvulana, alishindwa na pikipiki. Godelive alilifikiria jibu hilo wiki nzima. Daktari aliporuhusu, alisema wataenda kutafuta nyingine, lakini naye atakuwapo, na Eustache asifungue mdomo.

Kwa hiyo mwezi wa kumi walikuwa wanne kwenye banda la mzee. Hamsini, isiyo na gia, ikasukumwa nje kwenye nyasi. Iteka akapanda mwenyewe. Nyayo zikalala. Eustache, kiganja chake kimekunjamana kwa ngozi mpya, aliitazama nafasi iliyobaki kati ya goti na usukani. Ilikuwa ndogo. Hakusema kitu.

Iteka aliondoka taratibu, akazunguka banda mara mbili, mara ya tatu akavuta mafuta kwa hasira, na kwenye nyasi zenye unyevu gurudumu la nyuma likamkimbia. Alianguka vibaya. Kofia iligonga ardhi, wakasikia wote, na pikipiki ikalalia mguu ule ule.

Eustache alikwisha kupiga hatua tatu. Mkono wa Godelive ulimkamata nyuma ya shati, na kola ikamkaba koo.

"Mwache," alisema.

Alimwacha. Lilikuwa jambo gumu kuliko ekzosi. Kule kwenye nyasi Iteka aliuchomoa mguu, akasimama, akaitukana pikipiki kwa Kiingereza na kuipiga mateke mawili ya nguvu ubavuni. Kisha akainama, akashika usukani kwa mkono huu na siti kwa mkono ule, akasaga meno, akaisimamisha. Peke yake. Akapanda tena, midomo inatoka damu, akawatazama wao watatu na yule mzee kama anayeuliza wanasubiri nini.

"Ni hiyo," Godelive akamwambia mzee, kwa Kiswahili, na mzee akaelewa.