Dirisha la Pembetatu ya Njano

Dorcas alikuwa ameshaweka kidole kwenye kitufe nilipomwambia asubiri.

"Nisubiri nini, mzee Okwach?" aliuliza bila kugeuka.

Bwana Luhaga, mkuu wetu wa ofisi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, pale Igoma. Nje fundi mageti alikuwa anachomelea vyuma, na kila alipogusa, pazia letu liligeuka buluu.

"Kuna dirisha moja hamjaliona," nikasema.

Maneno yaliyokuwa yanafuata nilikuwa nimeyaficha miaka miwili.

Mimi ni mtu wa Shirati, lakini Shirati sijakaa. Shule niliisoma vipande vipande: madarasa mawili nyumbani, moja Musoma kwa mjomba, la nne nililiacha katikati nikafuata lori la samaki. Hesabu nilifundishwa na mpima mizani wa jineri ya pamba. Nimechimba Geita, nimepaka rangi maboti, nimetengeneza redio pale Kisesa mpaka watu wakaacha kusikiliza redio. Marehemu mke wangu alikuwa akisema miguu yangu ina upupu.

Kwa hiyo ofisi ya Luhaga iliponichukua, nilidhani Mungu amenitafutia kazi kwa kipimo changu. Tulikuwa tunahudumia zahanati arobaini na moja za pande hizi za ziwa. Kila moja ilikuwa na kompyuta moja, na ndani yake programu ya kliniki ya kina mama: jina, mimba ina miezi mingapi, damu ikoje, tarehe ya kurudi. Toleo jipya likitoka, nilipewa flashi, nikazunguka. Magu, Ukerewe, Sengerema. Mashine arobaini na moja, na kila moja ilinifungulia madirisha kumi na manane ya maswali kabla haijakubali. Mzunguko mmoja ulikula miezi miwili. Nilikuwa nikirudi nimeungua jua na moyo mweupe.

Jambo ambalo ofisini hawakulijua ni kwamba madirisha yale yaliandikwa Kiingereza, na Kiingereza mimi sikisomi.

Niliyachora. Nilikuwa na daftari la hesabu, lile la vimraba, na kila dirisha nililipa ukurasa wake: hapa kuna picha ya kopo, hapa kuna mstari unaojaa kijani, hapa bonyeza. Niligundua mapema kwamba siku zote kuna kitufe kimoja kinachong'aa kuliko wenzake. Ukibonyeza kile, unasonga mbele. Nilisonga mbele miaka mitatu.

Mpaka Sengerema. Nesi Paskazia, ambaye zahanati yake iko mbele kidogo ya mji ule, alikuwa ameketi pembeni akikunja pamba. Likatokea dirisha ambalo sikuwahi kulichora, dogo, lenye pembetatu ya njano. Kitufe kimoja kiling'aa. Nikakibonyeza. Programu ilipofunguka ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Majina mia sita na kumi na manne hayakuwepo, wala nakala yake popote.

"Umeme huu," nikasema. "Umekatika, umeharibu."

Paskazia aliendelea kukunja pamba.

"Umeme haujakatika leo, kaka Okwach."

Alisogeza kiti, akaniuliza dirisha lile lilikuwa na maneno gani. Nikamwambia sijui. Akaniuliza tena, polepole, jinsi anavyowauliza wasichana wanaomwambia wana malaria tu. Ndipo nikamwambia ukweli wote, na daftari nikamwonyesha.

Hakucheka. Kwenye kabati kulikuwa na mashine nyingine, kuukuu, yenye majina ya zamani yasiyotumika tena. Akaniambia nirudie kila kitu palepale mpaka pembetatu itokee. Ilipotokea akasoma, akanigeuzia kwa Kiswahili: "Nimekuta majina ya zamani. Niyafute, niweke mapya?"

Kisha akanipa kalamu yake nyekundu. "Lichore."

Nikalichora, nikazungushia kitufe kisichong'aa. Duara likawa kama yai.

Yeye alirudishia yale majina kutoka kwenye kadi ambazo kina mama hukaa nazo, moja moja, kila walivyokuja kliniki. Ilimchukua miezi minne. Kwenye ripoti ya ofisi niliandika umeme. Hakunipinga.

Sasa Dorcas. Alikuja kwetu kutoka Dodoma, msichana mwembamba anayekula karanga siku nzima, na wiki ya kwanza tu akauliza kwa nini mtu mzima atembee miezi miwili kubonyeza vitufe vilevile. Akasema atatengeneza kifurushi: programu iliyofungwa pamoja na majibu yake yote, itumwe kutoka Igoma kupitia mtandao, ifike kwenye mashine zote, ijiweke yenyewe bila kumuuliza mtu chochote.

"Kifurushi cha wiki au cha mwezi?" nilimtania.

"Cha maisha, mzee."

Nilicheka, lakini usiku ule miguu iliniwasha. Na asubuhi ya Ijumaa nilipomsikia akimweleza Luhaga kwamba amekiambia kifurushi kijibu ndiyo kila mahali, niliona ile sahani iliyooshwa, mara arobaini na moja.

"Dirisha lipi?" alisema Dorcas. "Nimekijaribu mara kumi na mbili."

"Kwenye mashine zipi?"

"Zile tatu pale."

"Zile ni mpya. Hazina jina hata moja ndani. Haliwezi kutokea."

Luhaga aliweka kikombe chini. "Mzee wangu, kama unaogopa safari zitaisha, sema tu. Hakuna anayekufukuza."

Hapo nikaona kwamba nisingeaminiwa bure. Nikatoa daftari kwenye mfuko wa koti, nikafungua ukurasa mwekundu, nikauweka mezani mbele yao.

"Hili nililibonyeza Sengerema. Majina mia sita na kumi na manne."

"Wewe uliandika umeme," alisema Luhaga.

"Umeme haukukatika."

Fundi mageti alikuwa amepumzika. Luhaga alifungua kurasa moja moja, kopo, mstari wa kijani, vitufe, na nikamwona anaelewa kwa nini hakuna neno hata moja. Akaondoka chumbani.

Dorcas alivuta mashine ya zamani kutoka stoo, akaandika humo majina ishirini ya uongo, akapeleka kifurushi chake. Tulisubiri. Majina yote yakaenda. Alikaa akiitazama skrini ile tupu, karanga mkononi.

"Nisomee daftari lako," akasema mwishowe. "Lote. Kuanzia mwanzo."

Tulikaa siku tatu. Alikifungua kifurushi akakifunga upya: kwanza kinakili majina pembeni, ndipo kianze, na pembetatu ya njano ikitokea, kijibu hapana. Kando ya jibu lile, mahali ambapo mafundi tu ndio husoma, aliandika mstari wa Kiswahili. Aliniita nikauone: *Hili tumefundishwa na mzee Okwach.*

Nikamwambia aongeze na nesi Paskazia. Akaongeza.

Barua yangu ya onyo ilikuja wiki iliyofuata. Nilistahili. Ofisi yetu huandika barua zake zote kwa Kiingereza, lakini ile ilikuwa ya Kiswahili, kurasa mbili, nikaisoma mwenyewe mpaka kwenye sahihi ya Luhaga. Nimeitunza pamoja na cheti cha ndoa.

Kifurushi kilitumwa Jumatatu. Siku ya pili yake nilipanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, mikono mitupu, nikashindwa niiweke wapi.

"Umechelewa," alisema Paskazia aliponiona mlangoni. "Imejiweka yenyewe jana, mimi nikiwa napima mtu."

"Majina?"

"Yapo."

"Sikuja kwa kazi, dada. Nimekuja kukushukuru."

Alinitazama juu ya miwani. "Basi kaa pale kwenye benchi, usinizibie mlango. Nikimaliza hawa tutakunywa chai."

Nikakaa kati ya kina mama. Miaka yote ile nilikuwa nimeipa benchi hiyo mgongo. Paskazia alirudi kwenye mashine, akaanza kuita majina kutoka kwenye skrini, Tereza, Teodora, Adongo, kwa sauti ileile isiyo na haraka, na kila alipoita, mtu alisimama.