Mua wa Fisi

Nanyori alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akikata miwa. Kila fungu alilokata, askari alilifunga kamba na kulitupa miguuni pa Mzungu. Mafungu saba. Kashamba kake pale juu ya Nkoaranga kalikuwa na aina saba za miwa, na hakuna nyumba mlimani iliyofikia idadi hiyo. Hata waliomsengenya, nao walikuwa wengi, walikuja kumwomba vipande vya kupanda.

Mzungu alitoka Usa, kule bondeni, alikofungua shamba kubwa kando ya mto. Alikuja na daftari, kisu, na mkalimani wa Tanga ambaye kanzu yake ililoa umande hadi magotini.

"Bwana anaozesha miwa," mkalimani akawaambia majirani waliojazana penye migomba. "Anatafuta bibi harusi na bwana harusi. Wakichanua pamoja, mbegu zao zitazaa mua mnene kuliko wazazi."

"Na mahari anapokea nani?" akauliza mama mmoja. Watu wakaangua kicheko.

Nanyori hakucheka. Boma la Wazungu likiuliza kilicho bora, linakuja kukichukua. Hilo mlima mzima ulishajifunza. Askari wakionekana bondeni, mtamba mnono hupakwa mavi na kufichwa gizani, na mwenyewe husema mnyama anaharisha damu. Ndivyo Nanyori alivyomwokoa mtamba wake mwaka ule boma la Arusha lilipojengwa.

Fungu la saba lilikuwa la mua mwekundu, mwembamba. Miwa ya mlimani ilipopata ule ugonjwa wa kutoa mikia myeusi kileleni, mirefu kama mijeledi, huu peke yake haukuguswa. Ile sita aliipanda Nanyori mwenyewe. Huu aliupanda marehemu mumewe, na Nanyori hakuwahi kumgawia mtu. Katika ukoo wa mumewe, mjane hukaa kwenye migomba ya mume maadamu kila mwaka anawapelekea wazee kibuyu cha pombe ya mua alioupanda marehemu. Mwaka asiopeleka, anatoka, shamba linarudi kwa ukoo.

"Na huu?" mkalimani akauliza, akiusukuma kwa kidole cha mguu.

"Huo ni mua wa fisi," Nanyori akasema. "Mchungu. Unaambukiza mingine. Nimeuacha kwa uvivu tu."

Mkalimani akatafsiri, Mzungu akaandika. Kando yao alisimama jumbe Meitamei, mdogo wa marehemu, na fimbo aliyopewa na boma. Pombe ya mua ule alikuwa ameinywa miaka kumi na mmoja. Akamtazama shemeji yake, kisha akaitazama migomba.

Mzungu akafunga daftari na kusema maneno machache.

"Aina mbili anazichukua," mkalimani akasema. "Nne zibaki. Huu wa fisi ung'olewe wote, mizizi na yote, uchomwe leo hii. Usije ukachanua ukaharibu harusi."

Askari wakashika majembe. Nanyori akatambaa hadi penye viatu vya Mzungu, kipande cha mua mwekundu mkononi.

"Bwana mkubwa, nimedanganya. Huo ndio mtamu kuliko yote. Hauugui. Onja."

"Mama," mkalimani akamwinamia, "nikimwambia umemdanganya, ni viboko hamsa ishirini."

"Mwambie."

Akamwambia. Mzungu hakukitazama kile kipande. Alimgeukia jumbe: maneno ya kweli ni yapi, ya mwanzo au haya?

"Ya mwanzo," Meitamei akasema. "Huyu mjane hata gugu liking'olewa analia."

"Shemeji," Nanyori akasema kwa lugha yao, "pombe yake si umeinywa hapa kwangu mwaka jana?"

"Nimeinywa," akajibu kwa lugha hiyohiyo, kwa upole wa mtu anayemjulia mwenzake hali. "Na mwaka huu utaleta nini?"

Kiboko kilipita mara ishirini na tano, mkalimani akihesabu. Majirani waliokuwa wakicheka walipata kazi ya kutazama miguu yao.

Mua mbichi hauungui upesi. Ulilia motoni, maji yake yakitoka povu, na mteremko mzima ukanuka sukari. Mzungu alikwishapanda nyumbu wake wa tandiko akaondoka. Askari mmoja akachomoa kipande, akatafuna, akawaita wenzake.

"Mbona mtamu hivi?"

"Nipe nami."

Wakachuchumaa kuuzunguka moto, wakitafuna na kutema makapi. Nanyori, kifudifudi, alifukua majivu kwa vidole akitafuta pingili yenye jicho zima la kupanda. Kila jicho aliloligusa lilipondeka kama kiazi kilichoiva.

Meitamei naye alikuwa na kipande shavuni. Alianzia mlangoni kwa Nanyori, akahesabu hatua, na kila hatua ya kumi akachomeka ardhini mche wa sale, alama ya mpaka. Alipofika pale alipolala Nanyori, akamwomba asogee kidogo.