Gari Lililoacha Kugonga

Yohana ni mtu wa kutaka kujua, na mkewe Bibiana ameshakata tamaa naye. Aliwahi kumweka kinyonga juu ya kitenge kipya cha Bibiana chenye maua na kukaa naye nusu siku, aone atachagua rangi ipi. Basi ubishi ulipozuka stendi ya Karatu kuhusu kuchanganya dizeli na oili ya tustroki, ile inayotiwa kwenye petroli ya misumeno ya kukatia miti, Yohana hakulala vizuri. Boazi, dereva mwenzake, aliapa kwamba dizeli ya siku hizi ni kavu mno, inamaliza pampu, na ukiitia oili kidogo injini inatulia kabisa. Fundi Abraham alisema huko ni kuchoma oili bure. Wote wawili walisema kwa uhakika uleule, na hilo ndilo lililomkera.

Gari lake, Landkruza kuukuu la abiria kati ya Kakesio na Karatu, lilikuwa likigonga injini tangu siku alipokabidhiwa. Ko-ko-ko, watu walilisikia kabla hawajaona vumbi lake. Asubuhi moja huko Kakesio alimimina ndani ya tenki kipimo alichoelekezwa na Boazi, akaongeza dizeli juu yake, wakaondoka.

Njia nzima alitega sikio. Limetulia, au ni hamu yake tu? Aliwauliza abiria. Mmoja alisema limetulia, mwingine hakuona tofauti, wa tatu akasema cha muhimu lifike.

Mbele kidogo, nyuma ya kilima, palikuwa na boma la Nanyori. Mama huyu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili; alichobakiwa nacho ni mwanga na vivuli. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Karatu, na hiyo ndiyo siku yao ya mwisho. Jana yake Yohana, ambaye humwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, alikuwa amemwambia, "Yeyo, usikae juani. Ngoja ndani, ukisikia gari utoke." Honi ilikuwa imekufa siku nyingi, lakini Nanyori hakuihitaji. Kila safari alikuwa wa kwanza kufika barabarani.

Siku hiyo hapakuwa na mtu. Yohana alisimama, akangoja.

"Ameogopa kisu cha daktari," abiria mmoja alisema. "Wazee ndivyo walivyo."

Yohana alisikitika, akaondoa gari. Hawakufika mbali, wakamkuta Lekoko, mtoto wa Nanyori, akichunga ng'ombe. Alisimamisha gari kwa fimbo, akachungulia ndani.

"Mama yuko wapi?"

"Hakutoka. Tulidhani ameghairi."

"Ameghairi nini? Amevaa shanga tangu alfajiri, anakusubiri wewe."

Kitu cha kwanza kilichomjia Yohana kilikuwa furaha: kumbe oili inafanya kazi. Cha pili kilikuwa aibu, na hiyo haikuondoka. Aligeuza gari. Abiria walinung'unika.

Nanyori alikuwa ameketi mlangoni kwake na shuka mpya, fimbo mapajani.

"Yeyo, hukusikia gari?"

"Nilisikia. Lilikuja polepole, halikugonga. Nikajua ni la watalii. Hayo hayasimami kwa ajili yangu."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayesema mvua imepitia upande wa pili. Yohana alimsaidia kuinuka. Alimshika mkono, akamketisha mbele.

Walipokuwa wakipanda kuelekea ukingo wa kreta, mama aliinamisha sikio.

"Limepona?"

"Nimelitia dawa, Yeyo. Nilitaka kujua kama linaweza kunyamaza."

"Na umejua?"

"Nimejua."

"Haya."

Yohana alikanyaga mafuta hadi Karatu. Walikuta vifaa vimeanza kurudishwa kwenye masanduku. Nesi Ritha alitazama saa, akamtazama bibi mwenye shanga, kisha akaingia kuzungumza na daktari. Alikaa huko hadi Yohana akaanza kuomba kimoyomoyo. Aliporudi alimshika Nanyori mkono, wakaingia wote wawili.

Siku ya kumrudisha nyumbani, jicho moja lilikuwa limefunguliwa bandeji. Nanyori alilizunguka gari lote, akapapasa mahali palipobonyea mlangoni, akatazama taa iliyofungwa kwa waya.

"Kumbe ni zee hivi," alisema, akapanda.

Boazi alikuwa anapita. "Vipi ile oili? Niambie ukweli, nikamwambie Abraham."

"Inafanya kazi vizuri sana," Yohana alisema, akimpa chupa iliyobaki. "Ndiyo maana siitaki."

Akawasha gari. Ko-ko-ko, likagonga, na mama akafumba macho kulisikiliza.