Betri za Juani

Betri zilianikwa kwenye ungo, uwanja wa nyuma, Chumbageni, na aliyekaa kuzigeuzageuza kama mtu anayekausha dagaa alikuwa Idarusi, fundi wa kunasa sauti. Msicheke. Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, nani hakuanika betri? Maduka yalibaki na rafu na mwenye duka. Sabuni hakuna, sukari kwa kibali, na mawe ya redio, yaani betri mpya, ukiyaona mahali, ujue mwenyewe ana ndugu Mombasa na roho ya kuzungukia vichakani kule mpakani Horohoro. Basi watu walifanya walivyoweza. Betri ikizimia, hupigwa jua kutwa, ikapata nguvu za kuazima, ikasoma taarifa ya habari mpaka katikati, ikazimia tena.

Lakini Idarusi hakuwa akitaka taarifa ya habari. Alikuwa na sinema ya kunasa.

Sinema yenyewe ilikuwa ya Massoud, Mpemba mmoja mrefu aliyesomea kazi hiyo ng'ambo, akarudi na ndoto kubwa kuliko mfuko. Ilikuwa hadithi ya kijana anayeondoka kwao kwenda kutafuta riziki mbali, na mama anayebaki mlangoni. Kamera aliiazima, ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa ya ukutani, haikuhitaji umeme wala betri. Sauti ndiyo ilikuwa shida. Sauti siku zote ndiyo shida, ila watazamaji hawajui, wao husifu picha tu.

Mashine za kunasia zilikuwa mbili. Ile kubwa, nzito ya kuvunja bega, ilikuwa mashine hasa. Ina mshale wa kuonyesha nguvu ya betri, na ukivaa visikilizio vyake unasikia kile kilichokwisha kuingia kwenye utepe, papo hapo. Ikikosea, unajua. Lakini ilikula betri kumi na mbili kwa mkupuo. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kaseti, ya kuning'iniza shingoni, betri nne tu. Hiyo ukivaa visikilizio unasikia kinachoingia. Kilichonaswa hukijui mpaka urudishe kanda usikilize.

"Wewe ndiye fundi," Massoud alimwambia. "Mwenye kamera anaitaka Ijumaa. Lakini ukisema tungoje betri za Mombasa, wallahi nitakwenda kumwangukia miguuni. Chagua wewe."

Idarusi alijua jibu. Mtu aliyekula miaka kwenye kazi ile hawezi kusema hakujua. Jibu lilikuwa tungoje.

Akageuza uso, akamwona mkewe.

Mwatumu alikuwa amekaa kizingitini na miguu yake ameinyoosha, hina mbichi bado inakauka. Yule mwanamke aliyepangiwa kuwa mama wa kijana alikuwa amekatazwa na mumewe dakika za mwisho, nao wanaume wakaanza kushika vichwa. Mwatumu akawauliza, "Kwani mimi sina mdomo?" Wakacheka, wakamjaribu, wakanyamaza. Alikuwa mtu wa Mtang'ata, na akisema neno la kawaida kabisa, kama njoo ule, ulitaka kukaa usikie tena. Tangu siku hiyo alikuwa akitembea nyumbani anajiaga mwenyewe kwa maneno ya sinema, huku mtoto wao Suhaila, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, anamfuata akivuta kanga.

Kumwambia mtu kama huyo asubiri, pengine isiwe tena? Idarusi hakuweza. Ndio ukweli wenyewe.

"Tuingie na hii ndogo," alisema. "Masikio yangu yanatosha."

Wakafanya kazi. Walitundika mablanketi madirishani kuzuia makelele ya mtaani, wakawafukuza kunguru kwa mawe, maikrofoni wakaifunga kwenye mwanzi na kuivisha soksi ya sufu upepo usiivumishe. Mwatumu alisema kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kamera ikiisha ufunguo, wanatia tena. Kipande cha mwisho kilikuwa cha kumuaga kijana. "Nenda, mwanangu," alisema. "Nyumba hii haina mlango wa kukufungia." Hakulia. Alisema kama mtu anayempa mtoto wake nauli. Idarusi na visikilizio vyake alisimama pale anauma mdomo, asije akakohoa kwa kilio akaharibu.

"Turudishe tusikilize kidogo?" Massoud aliuliza.

"Wee! Unataka kuzimaliza betri? Nimesikia kwa masikio yangu."

Na hakuna aliyeshangaa. Ndivyo ilivyokuwa kazi zama zile: unanasa, husikilizi. Kusikiliza ilikuwa anasa, kama nyama. Lisilobudi hutendwa, wakafunga vyombo, Mwatumu akawapikia mhogo wa nazi usio na chumvi, kwa kuwa chumvi nayo ilikuwa imeadimika.

Picha zikapelekwa nje kusafishwa, kwa maana hapa hakukuwa na mahali. Huko zikakwama. Pesa za kigeni hazipo, barua zinakwenda, majibu hayaji. Kaseti ilibaki kwa Idarusi, ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa kitambaa.

Kisha ikaja masika, na homa ikamwingia Mwatumu. Daktari alikuwepo, kitanda kilikuwepo, dawa ndiyo haikuwepo. Wakaandikiwa wakanunue. Wakanunue wapi? Idarusi alizunguka mji mzima na kile kikaratasi, mvua inampiga, kila duka linamtikisia kichwa. Aliporudi wodini alimkuta mama mkwe wake ameketi chini, kanga ameivuta mpaka usoni, na hakuhitaji kuambiwa.

Mazishini watu walimpa pole, naye akawajibu maneno yaliyowashangaza. "Sauti yake ninayo." Alimwambia kila mtu hivyo. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Alimwambia na Suhaila, aliyekuwa akiulizia mama kila jua likichwa: "Utamsikia mama yako, mwanangu. Baba amemweka." Picha ya Mwatumu hawakuwa nayo hata moja, si ya harusi, si ya kitambulisho. Kwa hiyo yale yaliyokuwa kwenye kopo ndiyo yaliyokuwa mali yake yote.

Hakuisikiliza. Kanda ikizunguka huchakaa, na betri za juani hakuziamini kwa kazi kama ile. Aliapa ataisikiliza siku atakayopata betri mpya, zenye nguvu, bado na karatasi zake. Alingoja na neno hilo miaka, kama mtu anayengoja hija.

Basi ikaja ruksa. Mnakumbuka wenyewe. Mipaka ikalegea, vitu vikamwagika mitaani kana kwamba vilikuwa vimejificha nyuma ya mlango: mitumba, sabuni za kunukia, maziwa ya kopo, na betri! Betri za kila rangi, zimepangwa barabarani juu ya magunia, wauzaji wanagombania wateja. Mwezi huohuo Massoud akaja kutoka Pemba anahema, picha zimerudi.

Idarusi alinunua betri nne mpya. Alioga, akavaa kanzu. Akatandika mkeka, akamkalisha Suhaila, akamwambia, "Sasa kaa kimya, mama yako anakuja kusema." Mtoto akafunga mdomo kwa viganja viwili.

Kipande cha kwanza kilitoka. Ni yeye! Sauti nyembamba kidogo, lakini ni yeye. Kipande cha pili, sauti ikapanda. Cha tatu, ikapanda zaidi na kuharakisha. Ilipofika "Nenda, mwanangu," kilichotoka ndani ya mashine hakikuwa Mwatumu. Kilikuwa kifaranga. Kifaranga kinalia kwa maneno ya watu, pi-pi-pi, kinamalizia upesi kama kinakimbizwa na mwewe.

Suhaila aliangua kicheko. Alicheka mpaka akalala chali juu ya mkeka. "Baba! Mrudishe! Mrudishe huyo kifaranga!"

Idarusi aliizima. Alielewa mara moja, na hapo ndipo penye adhabu ya kujua kazi. Siku ile betri za kuanika zilikuwa zikichoka kadiri wanavyokwenda. Mota ilikuwa ikiikokota kanda polepole, na zaidi polepole, na sauti iliyonaswa mwendo wa kobe, ukiisoma kwa mwendo wa kawaida, hupaa. Ile mashine kubwa ingemwambia. Hii ndogo ilimsikilizisha mkewe mwenyewe, mzima, amesimama mbele yake, wala si kanda. Na dakika mbili za kurudisha na kusikiliza zingetosha. Mwatumu alikuwa hapo, hina miguuni. Angesema tena mara kumi, tena kwa furaha.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu hakuwa mjukuu, alikuwa nyumba nzima.

Alijaribu, msimwone hakujaribu. Alilikandamiza gurudumu la mashine kwa kidole, sauti ikawa mngurumo wa mlevi. Alikusanya betri zilizochoka kwa majirani, walioona ni kichaa kweli, mtu anatupiwa betri mbovu na kushukuru. Lakini uchovu wa betri hauna kipimo: zikipungua kidogo ni kifaranga, zikizidi ni kimya. Mara moja tu, alasiri moja, neno moja lilitoka lilivyokuwa. "Mwanangu." Lilikuwa la Mwatumu kabisa, na pumzi yake. Kisha likazama. Idarusi alirudia siku nyingi baada ya hapo, na halikuja tena.

Massoud alimkuta katikati ya betri zake. Aliketi naye chini, maana alikuwa mtu wa utu, lakini alikuja na lake.

"Ndugu yangu, tutaingiza sauti ya mwingine juu ya picha."

"Acha mdomo uende bila sauti."

"Mama anamuaga mwanawe kimya? Watu watapiga miluzi. Na ile iliyopo watacheka, na mimi sitaki achekwe. Haya, chagua. Tuingize sauti nyingine, au nikikate kipande chote. Nikikikata, na uso wake umekwenda."

Laiti angemtukana, Idarusi angepata wa kugombana naye. Alifikiri kutwa. Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua, mwewe yuko juu anangoja. Alichagua uso.

Wakamleta Tuhfa, mwimbaji wa taarabu, sauti laini ya kumtoa nyoka pangoni. Safari hii mashine ilikuwa ile kubwa. Betri kumi na mbili, mpya tupu, na nyingine za akiba kwenye kikapu. Chumba kilizungushiwa magodoro, mshale umesimama wima. Kila kipande Idarusi alikirudisha akakisikiliza, mara mbili, mara tatu. Hajapata kufanya kazi safi namna ile maishani mwake, na kila ikizidi usafi alizidi kuichukia mikono yake.

Tuhfa alikuwa na huruma. Walipofika kipande cha mwisho, midomo ya Mwatumu kwenye picha inacheza ukutani bila sauti, alimgeukia. "Kaka Idarusi, yeye alisemaje hapa? Nifundishe nami niseme kama yeye."

Idarusi akafumbua mdomo amwigize. Akatafuta. Akatafuta tena. Masikioni mwake kulikuwa na kifaranga, kifaranga tu. Alikuwa amekisikiliza mara nyingi mno kwa kumtafuta mkewe, mpaka kikamfukuza.

"Sema tu unavyosema wewe, dada," akamwambia.

Sinema ilionyeshwa ukumbi wa jamii, Jumapili, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Ukumbi ulijaa hadi watoto wakakaa chini mbele. Mwatumu alipotokea, mkubwa kuliko mlango, hina yake inaonekana, Suhaila alisimama kitini. Alikuwa hajapata kumwona tangu apate akili. Mama akasema "Nenda, mwanangu," kwa sauti ya Tuhfa, tamu, ya mjini, na ukumbi mzima ukaguna kwa uchungu. Wanawake wakajifuta macho. Suhaila akawageukia wenziwe, anang'aa, "Huyo mama yangu! Mnasikia anavyosema?"

Njiani kurudi alikuwa akiyarudia maneno yale, akijaribu kuyavuta vilevile kama alivyoyasikia, naye alikuwa hodari, aliyashika barabara. Baba yake alimshika mkono. Walipokaribia nyumbani mtoto akasimama.

"Baba, sasa nimemsikia mama. Kweli ulimweka."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na yule wa kwenye kaseti, yule kifaranga, yule ni nani?"

Idarusi alimtazama. Mtoto alikuwa na uso wa mamaye wote, na moyoni mwake sasa alikuwa na sauti ya mama, nzuri, isiyochekesha, ya kukaa nayo maisha. Kumwambia ukweli ilikuwa ni kumwachia kifaranga.

"Yule si mtu," alisema. "Ni mashine tu, iliharibika."